Walikufa Kifo Gani? Ngagi wa Mikeno, Ngozi Zilizojazwa na Sanamu za Leo

Mwezi uliopita, baada ya kipindi chetu cha jioni kuhusu mbuga ya Virunga, simu ya studio ililia. Alikuwa koko mmoja, mhami kutoka Rugari. Nilikuwa nimesema hewani kwamba kule New York, Marekani, kuna ngagi wa Mikeno ambao wamesimama nyuma ya kioo tangu mwaka wa 1936, na hadi leo watoto wa shule wanapelekwa kuwatazama. Koko hakutaka kujua jumba lina ukubwa gani. Aliuliza: «Mwanangu, hao walikufa kifo gani?» Nikamjibu kwamba walipigwa risasi. Akanyamaza, halafu akasema: «Na nani aliruhusu?»

Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha. Nikamwahidi kwamba nitatafuta na nitaandika. Hii ndiyo habari niliyoahidi, na imenipeleka mbali kuliko nilivyodhani, kwa sababu maswali mawili ya koko ndiyo hayo hayo ambayo wachongaji na wasanii wa Ulaya na Marekani wanaulizana siku hizi kila mtu anapotumia mnyama aliyekufa kutengeneza sanamu.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Mnyama akifa, anachunwa. Nyama na utumbo vinaondolewa, ngozi inatiwa chumvi na dawa ili isioze, kisha inajazwa na kushonwa ili mnyama aonekane kama yuko hai. Zamani fundi alijaza majani makavu na vitambaa, kama mtu anayejaza mto wa kulalia. Neno lenyewe la Kifaransa la kazi hiyo linatokana na majani makavu. Matokeo yalikuwa mabaya: simba mwenye tumbo la gunia, swala mwenye shingo iliyopinda.

Aliyebadilisha kazi hiyo aliitwa Carl Akeley, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1864 katika jimbo la New York. Akiwa kijana alisaidia kujaza ngozi ya Jumbo, tembo maarufu wa sarakasi aliyegongwa na treni huko Kanada mwaka wa 1885. Baadaye akafika mahali pa kusema kwamba mnyama hajazwi, anachongwa. Alipima mwili wa mnyama porini, akaufinyanga upya kwa udongo, misuli na mishipa yote. Juu ya udongo akamwaga plasta kupata kalibu, na kutoka kwenye kalibu akatoa mwili mwepesi, mtupu ndani, wa karatasi, gundi, kitambaa na wavu wa waya. Ngozi ya kweli ilivalishwa mwishoni, kama nguo. Kwa hiyo mnayemwona kwenye kioo ni sanamu iliyovaa ngozi ya marehemu. Akeley alikuwa mchongaji kwelikweli, alitengeneza pia sanamu za shaba. (Ndiye pia aliyebuni mashine ya kurusha saruji ukutani kwa mpira, ambayo mafundi wa ujenzi wanaitumia mpaka leo. Mtu huyu hakukaa bure.)

Mwaka wa 1921 alikuja kwetu. Hakuwa wa kwanza. Mwaka wa 1902 afisa Mjerumani, Robert von Beringe, alipiga ngagi wawili juu ya Sabinyo, na ndiyo maana jina la kisayansi la ngagi wa milima yetu mpaka leo ni jina lake. Wakaaji wa huko waliokuwa na jina la kumwita mnyama huyo tangu mababu hawakuulizwa. Mwaka huo huo wa 1921 mwana wa mfalme wa Sweden, Wilhelm, aliua ngagi 14. Akeley alipanda Mikeno na Karisimbi pamoja na familia moja ya Wamarekani, ambayo ilikuja hata na mtoto wa kike wa miaka sita. Wabeba mizigo wa hapa wakawabebea kila kitu. Akarudi na ngagi watano.

Aliwachora, akawapima, akatengeneza kalibu za plasta za nyuso na mikono yao pale pale porini kabla hazijaharibika. Lakini kitu kilimgonga moyoni. Katika kitabu alichotoa miaka miwili baadaye anakiri kwamba, mbele ya dume aliyemwua, alilazimika kushikilia sana kazi yake ya sayansi ili asijione kama muuaji. Tangu hapo akaanza kampeni kwa maneno na barua: mahali hapa pafungwe, ngagi wasiwindwe tena. Aliwaandikia Wabelgiji, na maneno yake yakamfikia mfalme Albert. Tarehe 21 mwezi wa 4 mwaka wa 1925, mbuga ya Albert ikaundwa. Ndiyo mbuga ya Virunga ya leo.

Akeley alirudi mwaka uliofuata akiwa tayari mgonjwa. Alifia kwenye kambi ya Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, tarehe 17 mwezi wa 11 mwaka wa 1926. Mke wake, Mary Jobe Akeley, alimzika pale pale, akaendelea na kazi. Wakati wa safari hiyo mchoraji wao aliichora milima yetu ya volkano, na mchoro huo ndio ukuta wa nyuma ya wale ngagi. Kwa hiyo wewe uliyehama kutoka Rugari au Kibumba, ukienda siku moja New York, utakuta kitu unachokijua: umbo la milima uliyoiona kila asubuhi ulipofungua mlango.

Hapa baadhi ya waandishi wanamalizia hadithi: mwindaji ametubu, mbuga imezaliwa, ngagi wamepona. Na kweli leo ngagi wa milima ni zaidi ya 1,000 ukijumlisha Kongo, Rwanda na Uganda. Mimi sipingi. Lakini swali la pili la koko bado liko mezani. Mbuga ilipopanuliwa katika miaka iliyofuata 1925, watu waliokuwa wakilima na kuchunga ndani yake walitolewa, na ugomvi wa mipaka ya mashamba hayo unaendelea mpaka leo. Kila mtu wa Bwisha anaujua. Ngagi walichukuliwa bila kuuliza mtu wa hapa, kisha ardhi ikafungwa ili kuwalinda ngagi waliobaki, nayo bila kuuliza. Ni mkono mmoja uliofanya yote mawili.

Okapi pia alipita njia hiyo, na wahami wa Beni na Mambasa watapenda kusikia kwamba historia yake ilianza kwao. Bambuti walimjua tangu zamani. Mwingereza Harry Johnston, karibu na mwaka wa 1900, alisikia habari zake kutoka kwao, na kitu cha kwanza alichopata mkononi ni vipande vya ngozi ambavyo askari walikuwa wamevitengeneza mikanda. Wataalamu wa London walipoviona wakasema ni aina ya farasi. Kisha afisa wa Kiswidi aliyekuwa kwenye ngome ya Mbeni, yaani Beni, Karl Eriksson, akampa ngozi nzima na mafuvu. Hapo ndipo walipotambua kwamba mnyama huyo ni ndugu wa twiga. Ngozi ikajazwa, ikasimamishwa London mwaka wa 1901, na jina alilopewa mnyama, sehemu ya pili, ni la Johnston.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Kwa miaka mingi wasanii wa Ulaya waliona wanyama waliojazwa kama kitu cha kizamani, cha kuta za wawindaji. Kisha wakaanza kuwarudisha ndani ya sanamu, na mwanzoni si wote waliojali asili. Mwaka wa 1991 Mwingereza Damien Hirst aliweka papa mzima ndani ya tangi la dawa. Papa huyo alivuliwa Australia kwa oda. Akaanza kuoza, na mwaka wa 2006 ikabidi aletwe papa mwingine. Papa wawili kwa sanamu moja. Ukimweleza mvuvi wa ziwa Kivu jambo hilo atakuuliza nani alikula nyama.

Lakini wako wengine waliojiwekea sheria. Polly Morgan, pia wa Uingereza, anatumia tu wanyama waliokufa wenyewe au kwa ajali: ndege aliyejigonga kwenye dirisha, mnyama aliyegongwa na gari, mfugo ulioshindwa na ugonjwa. Kule Minneapolis, Marekani, mwaka wa 2004 wasanii watatu waliunda chama chao wakakubaliana kwamba hakuna mnyama wa kuuawa kwa ajili ya sanaa. Wanaokota barabarani, wanapokea mabaki ya wafugaji. Angela Singer wa New Zealand yeye hagusi mnyama mpya kabisa. Anachukua vichwa vya zamani vilivyotundikwa na wawindaji, anavifumua, na pale risasi ilipoingilia anashona shanga nyekundu au vifungo, ili jeraha ambalo fundi wa zamani alilificha lionekane tena. Kazi yake inanigusa sana, kwa sababu haimruhusu mtazamaji kusahau kifo.

Sheria nazo zimebadilika. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama wa porini ulitiwa sahihi Washington mwaka wa 1973, na ngagi wako kwenye orodha yake kali zaidi. Uingereza, kwa sheria ya mwaka wa 1981, ukikutwa na ndege wa porini, hata aliyekufa, wewe ndiwe unayepaswa kuonyesha kwamba ulimpata kwa njia ya haki.

Kuna kazi mbili za Wabelgiji ambazo nataka tukae nazo kidogo.

Ya kwanza iko Bruxelles, ndani ya jumba la mfalme. Kuna ukumbi wa vioo ambao Leopold wa Pili alitaka upambwe kwa sifa za Kongo. Alikufa mwaka wa 1909 kabla haujamalizika, na dari ikabaki tupu. Mwaka wa 2002, kwa ombi la malkia Paola, msanii Jan Fabre aliifunika dari hiyo kwa magamba ya mabawa ya mbawakawa, zaidi ya milioni moja, yanayong'aa kijani na buluu. Magamba hayo yalitoka Asia, kwenye nchi ambako watu wanakula wadudu hao na kutupa magamba. Kwa hiyo hakuna mbawakawa aliyeuawa kwa ajili ya dari. Sisi tunaokula senene tunaelewa vizuri: mama anapokaa mlangoni kunyofoa mabawa, yale mabawa yanakwenda na upepo. Fikirieni mtu akiyakusanya akafunika nayo dari ya ikulu. Fabre ameficha katika dari hiyo alama zinazokumbusha ukatili wa Kongo ya Leopold. Mimi nasema hivi: mbawakawa wamehesabiwa na asili yao inajulikana. Ni vizuri. Wakongo waliokufa kwa ajili ya mpira uliojenga utajiri wa mfalme huyo hawakuhesabiwa. (Fabre mwenyewe alihukumiwa mwaka wa 2022 na mahakama ya Antwerpen kwa kuwanyanyasa wanawake waliokuwa wakifanya kazi kwake. Mtu anaweza kuwa mwangalifu kwa mdudu na asiwe mwangalifu kwa binadamu.)

Ya pili ni ya mwanamke, Berlinde De Bruyckere, aliyezaliwa Gent mwaka wa 1964. Jumba la makumbusho la mji wa Ieper lilimwita afanye kazi juu ya vita vya 1914 hadi 1918. Mji huo ulibomolewa wote, wakaaji wakakimbia na mizigo kichwani, kama tunavyojua. Alipekua picha za zamani, na kilichomshika ni farasi waliolala wafu barabarani. Hakutaka kuonyesha maiti za watu. Akachukua ngozi za farasi waliokufa, kwa msaada wa shule ya waganga wa wanyama ya chuo kikuu cha Gent, akazivalisha kwenye miili aliyoitengeneza mwenyewe, ikiwa imejikunja, miguu juu. Hao farasi hawana macho wala mdomo. Ngozi imefungwa kabisa. Waliowaona wanasema unasimama mbele yao na unajikuta unafikiria watu.

Nilimsimulia habari hiyo kijana mmoja mchongaji, mhami kutoka Kibumba. Hakushangaa hata kidogo. Akanipeleka nyuma ya nyumba anamopanga, akaondoa kipande cha bashi, na chini yake kulikuwa na ng'ombe watatu wadogo, kila mmoja kimo cha goti. Mifupa yao ni waya wa uzio, mwili ni vitambaa na gundi, na juu wamevaa ngozi ya mbuzi. Baba yake alikuwa na ng'ombe 11; waliporwa usiku mmoja wa vita. Kijana anawatengeneza mmoja mmoja, anakumbuka rangi na pembe za kila mmoja. Jina la Akeley hakuwahi kulisikia, lakini njia yake ni ile ile: mwili kwanza, ngozi baadaye.

Nikamwuliza ngozi anatoa wapi. Akanitajia bila kufikiri: hii ni ya mbuzi wa harusi ya jirani, hii ni ya mbuzi aliyechinjwa Krismasi, hii mchinjaji wa sokoni alimwachia kwa pesa kidogo kwa sababu ilikuwa na tundu. Kila ngozi ana mwenyewe, na mwenyewe amekubali. Nyama ililiwa. Wale wasanii wa nje wameandika masharti na kuunda vyama. Huyu kijana anayo hayo yote kichwani kwa sababu mtu anayeishi uhamishoni akichukua ngozi ya mwingine bila kuomba, ugomvi unaanza siku hiyo hiyo.

Aliniuliza jambo moja ambalo lazima nilijibu hapa kwa sauti, kwa ajili ya wengine. Je, mtu akikuta mnyama wa mbuga amekufa mwenyewe, anaweza kuchukua ngozi, maana hakumwua? Ndugu zangu, hapana. Kwetu mnyama anayelindwa anabaki analindwa hata akiwa mfu, na kuna sheria ya ulinzi wa mazingira ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka wa 2014. Ukimkuta, ita walinzi. Na sababu si karatasi tu. Siku ambayo ngozi ya «aliyekufa mwenyewe» itapata bei, wengi watakufa wenyewe.

Tulishaona ngagi wafu wanavyoweza kutendewa. Mwezi wa 7 mwaka wa 2007, dume Senkwekwe na majike wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi. Hawakuchukuliwa ngozi wala kichwa, ndipo watu wengi wakaona kwamba ilikuwa ujumbe, katika vita vya biashara ya makala ndani ya msitu. Wanakijiji na walinzi waliwafunga juu ya machela za miti, wakawabeba mabegani kupita mashambani. Picha ya Senkwekwe akiwa amebebwa na wanaume wengi ilizunguka dunia. Wakazikwa Rumangabo, ambako kuna makaburi ya ngagi mpaka leo. Hakuna aliyesema ngozi ile kubwa ijazwe ipelekwe jumba lolote. Katika miaka 86, kutoka mlima ule ule, ngagi aliyepigwa risasi alikwenda mara moja kwenye kioo na mara moja kwenye kaburi, na mara zote mbili waliombeba ni watu wa hapa.

Sisemi wale wa New York warudishwe wazikwe. Wengine wangesema hivyo. Mimi sijaona itamsaidia nani. Tervuren, karibu na Bruxelles, waliamua kubaki na tembo na wanyama wao waliojazwa walipofungua upya jumba lao mwezi wa 12 mwaka wa 2018, lakini walimwomba msanii wa Kongo, Aimé Mpane, aweke kichwa kikubwa cha mbao katikati ya ukumbi ambao sanamu za zamani zinausifu ukoloni. Yeye alichonga mti. Ni jibu mojawapo. Ninachotaka mimi ni kidogo zaidi: pale kwenye kioo pasomeke ngagi hao walikufa kifo gani, katika mwaka gani, mkononi mwa nani, na nani aliyebeba mizigo.

Kwa sababu katika vitabu nilivyoweza kusoma, wabebaji wanatajwa kwa wingi wao tu. Kumi, mia, msururu.

Nilirudi kwa koko nikamsomea yote haya kabla ya kuyaweka hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akicheka kidogo pale kwenye papa wawili. Nilipofika kwa wabebaji akaniinulia mkono ninyamaze. Babu ya marehemu mume wake, akasema, alipanda Kabara na mizigo ya wazungu akiwa kijana, na nyumbani kwao walikuwa wakisimulia baridi ya huko usiku. Akanipa jina lake. Nimeliandika kwenye daftari la studio, ukurasa wa kwanza, na chini yake nimeacha nafasi kwa yeyote kati yenu mwenye jina kama hilo katika ukoo wake. Lenyewe silitaji hapa bado: wajukuu wako Uganda, kambini, na sijawafikia kuomba ruhusa.